Jumapili ya Nne ya Marcellin

Baba yangu, Marcellin, aliendesha motokari miaka kumi na moja wala hakuwahi kumiliki hata tairi. Hilo silalamikii. Katika kambi ya askari ya Kasongo, mwaka 1955, hata Wazungu hawakuruhusiwa kila mmoja kuweka gari lake, maana mafuta yalikuwa machache na barabara zilikuwa zinaua magari. Kwa hiyo Wazungu watatu wenye cheo cha ajida walitumia motokari moja ya kijivu, kwa zamu. Ukutani mwa gereji palikuwa na msumari. Kila mmoja alikuwa na kibati chenye jina lake, na ambaye kibati chake kilining'inia pale ndiye mwenye motokari siku hiyo.

Kibati cha nne kilikuwa cha baba. Kwa kuwa aliwaendesha wote na hakuwa na mapumziko, walimpa Jumapili ya nne ya kila mwezi. Kambi nzima ilimwonea wivu. Mama yangu, Anastasie, aliota safari ya Nyangwe kununua samaki, akikaa mbele kama madamu. Baba alikataa. Moyoni mwake kulikuwa na jambo moja tu, kumleta mama yake.

Bibi yetu Apolline alikuwa Kabambare, peke yake, miguu imevimba hata kisimani hafiki. Aliomba kitu kimoja, afe nyumbani kwa mwanawe. Shida ilikuwa njia. Wakati wa mvua, kwenda na kurudi kulitaka siku mbili, na baba alikuwa nayo moja.

Basi akafanya kama tufanyavyo sisi watu wa jembe. Kwetu leo wote tunalima shamba lako, kesho langu. Nikikuachia zamu yangu, utanirudishia siku nitakayoihitaji. Hakuna anayesahau. Ajida mmoja alipotaka Jumapili ya nne aende kuwinda, baba alitundika kibati cha yule Mzungu kwa mikono yake mwenyewe, na kwa furaha. Mwezi uliofuata vivyo hivyo, na wa tatu pia. Mama alimwonya kwamba Wazungu hawalimi kwa zamu. Baba alicheka. Namkasirikia mpaka leo kwa kicheko kile.

Mwezi wa nne alisimama mbele ya ajida yuleyule, kofia mkononi, akaomba Jumamosi na Jumapili.

“Bwana Ajida, niliwaachia siku tatu. Naomba moja tu irudi, nifikie mama.”

Ajida hakukasirika. Labda hata alimhurumia. “Marcellin, siku yenye haukutumia ilikufa. Uko na Jumapili tu. Saa kumi na mbili ya magaribi motokari iko hapa. Kama hapana, banakufunga mu kachoti, na muke yako na batoto banatoka mu kambi.”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Baba alituma habari kwa Bulaimu, mchuuzi wa chumvi aliyekuwa jirani wa bibi, kwamba angejaribu kwa siku hiyo moja.

Aliondoka alfajiri. Mara mbili motokari ilizama kwenye matope, mara mbili wanakijiji wakamsukuma. Saa sita mchana alikuwa bado mbali na Kabambare. Akasimama, akatuwaza sisi watoto watano tukitupwa nje pamoja na mikeka yetu. Akageuza. Saa kumi na mbili motokari ilikuwa gereji, matope hadi madirishani.

Bulaimu alifika kwetu wiki mbili baadaye, akakataa kiti. Alisema bibi, aliposikia kwamba mwanawe ana siku moja tu, aliomba wanaume wa ukoo wambebe kwa kipoyi, kile kiti cha mabegani, wamtangulize njiani ili amfupishie mwanawe safari. Jumapili ile alikuwa ameketi kando ya barabara, vilima viwili tu mbele ya pale baba alipogeukia.

Baba aliuliza swali moja. “Alisikia motokari?”

Bulaimu aliangalia chini. Angeweza kudanganya, nami ningemsamehe.

“Alisikia. Akafurahi, akasema ni yeye. Kisha mulio ukaenda mbali. Akasema, mutoto yangu amesahau kitu, atarudi. Alikataa tumubebe. Tulikaa naye pale siku tatu. Ya nne hakuamuka, tukamuzika palepale.”

Jumapili ya nne iliyofuata, kibati cha baba kilining'inia tangu asubuhi. Motokari haikutoka gereji. Alikaa ndani yake, mikono juu ya usukani, mpaka saa kumi na mbili, kisha akarudisha ufunguo.