Mwenzangu wa Chumba Kule Milimani

Nilikuwa nasomea ukarabati wa majengo ya kale Birmingham, nikikaa kwa ami yangu Hodge Hill, chuo kilipotupeleka muhula mzima katika kijiji cha mawe kwenye milima ya Alps. Kule kila kitu ni jiwe: kuta, ngazi, hata mapaa. Mwalimu alitupanga wawili wawili. Mimi Mzanzibari akaniweka na mwanamke wa Kisumu, kwa kuwa sote twasema Kiswahili. Alidhani ametutendea wema.

Tulichukiana kabla hatujafungua masanduku. Alisema Kiswahili changu ni cha kwenye kanga. Nikamjibu kwamba chake kinahitaji mkalimani. Alinizidi umri, alikuwa amewatunza wazee miaka mingi, na alizoea kuamrisha. Nikitandika mswala, yeye hufungua dirisha baridi iingie, eti udi wangu unamkaba.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane asiyetutaka sote wawili. Hakujishughulisha kujua nani ni nani. Akituita kwa kidole. Mwenzangu alikwishagombana naye juu ya maji ya moto, na mwalimu akamwonya kwamba kosa la pili litamrudisha Birmingham.

Asubuhi moja mwenzangu alijaza kuni mbichi kwenye jiko la chumbani, akaliacha likifuka, akashuka kunywa chai. Niliporudi kutoka kuoga, chumba kilikuwa moshi mtupu, na ukuta mweupe uliopakwa chokaa na babu wa marehemu mumewe bibi ulikuwa na doa jeusi kutoka sakafuni hadi dari. Bibi alipanda, mwalimu nyuma yake. Bibi akauliza ni nani aliyefanya hivi. Mwenzangu, ambaye naye alishapanda, alininyooshea kidole. Nikakana. Bibi akanitazama, akasema neno fupi ambalo mwalimu alikataa kunitafsiria.

Nilihamishiwa ghala la zamani la jibini, lenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Nilimwendea mwalimu mara mbili. Akaniambia nisilikuze jambo dogo.

Kazi yetu ilikuwa kuinua upya ukuta wa shamba, bila saruji, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ndipo nilipomkabili.

"Kwa nini ulinisingizia?"

Hakuacha kupanga mawe. "Niko na watoto wawili Birmingham, kule Nechells, wanakaa na dadangu. Nikirudishwa nimefeli, nani atawalisha? Wewe uko na ami yako."

"Basi ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Lakini ungeniomba."

Alicheka kidogo, na kicheko kile kiliniuma kuliko kile kidole. Tangu hapo hatukusemezana. Tukifika kwenye jiwe refu linalopita ukuta mzima, kila mmoja alishika ncha yake, tukainua, tukaweka, tukageuziana migongo. Ukuta ulisimama vizuri. Mwalimu alitupiga picha mbele yake, akatutaka tusogeleane. Hatukusogea.

Niliporudi Hodge Hill, mke wa ami alinisihi nisamehe, akisema ugenini mtu huhitaji watu wake. Nikamwambia yule si mtu wangu.

Mwaka jana nilimkuta mwenzangu yule Acocks Green, mtaa mwingine wa Birmingham, kwenye foleni ya duka la vyakula, na binti mdogo. Aliniona, na nikaona kwamba ameniona. Akainama kwa mtoto.

"Salimia auntie."

Mtoto aliniangalia akasema, "Hi," kama watoto wote wa hapa.

Nikamjibu, nikamuuliza anasoma darasa la ngapi, akanionyesha jino lililong'oka. Mama yake alisubiri, mkono begani mwa mtoto, akiniangalia usoni. Pengine alikuwa na la kusema, sikumpa nafasi. Nilimuaga mtoto peke yake, nikachukua mfuko wangu nikatoka. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilitembea hadi stesheni nikiwa na hasira mpya kabisa, kwamba hata salamu alimtuma mtoto.