Nimo Ndani ya Eda, na Karai Langu la Kariakoo Kalishika Wifi

Admin, naomba unifichie jina, maana wifi yangu naye anafuatilia ukurasa huu na ana mdomo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, naishi Magomeni kwenye chumba kimoja nyumbani kwa mama mkwe. Mume wangu amefariki ghafla mwaka huu na niko eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki hovyo. Silalamikii eda. Nilimpenda mume wangu na ningemkalia hata zaidi ya hapo. Ninacholilia ni karai.

Mimi na marehemu tulikuwa tunauza viazi karai Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, upande wa Msimbazi. Sijui wa mikoani mnaviitaje, ila huku ni viazi vya kuchemsha, unavichovya kwenye rojo ya unga yenye bizari na kitunguu saumu, unavitosa kwenye mafuta ya moto, unamfungia mteja kwenye gazeti na chatne yake, anaondoka anakula huku anatembea. Marehemu alikaanga, mimi nilikoroga rojo na kusaga chatne ya nazi na embe bichi. Wapagazi, wenye maduka, wanafunzi, wote walikuwa wetu. Wapo waliotoka Mbagala wakisema wamefuata viazi tu, na mimi nikawa navimba kichwa kama nimejenga ghorofa.

Sasa Kariakoo ina utaratibu wake. Ile sehemu hatukuwa na karatasi yoyote. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye roho nzuri, alimruhusu marehemu kwa mdomo. Sehemu ni ya anayeonekana. Ukipotea siku chache, ukirudi unakuta mtu kapanga soksi na chaja za simu, na hakuna wa kumshtaki. Kwa hiyo matanga yalipoanuliwa, wifi yangu, dada wa marehemu, akaniambia, "Wifi, wewe kaa eda yako kwa amani. Mimi nitakushikia karai, lisilale." Nilimkumbatia nikalia. Niliona Mungu kaniletea ndugu.

Kila asubuhi nikawa nakoroga rojo uani, yeye anakuja kuchukua ndoo. Anasimama pembeni, anauliza. "Wifi, mbona unaiacha kwanza itulie? Wifi, ndimu unaweka kabla au baadaye?" Nami namjibu kila kitu, tena kwa furaha, maana mtu aliyekaa ndani kutwa anatamani wa kuongea naye. Baadaye akaanza kuchukua nusu ndoo. Halafu akasema, "Wifi, pumzika tu, biashara imepoa siku hizi." Nikamwamini. Nikamwonea na huruma, nikamwombea na dua!

Wiki iliyopita jirani yangu, Mama Nasra, alikuja kunisalimia akitokea mjini. Akanitolea gazeti limelowa mafuta. "Shoga, kula. Nimepanga foleni kwa wifi yako mpaka miguu imeniuma." Foleni! Nikamega kipande. Jamani, vilikuwa vitamu. Natamani ningewaambia vilikuwa vibaya, vimeungua, vimenyonya mafuta. Vilikuwa vilevile vya kwangu, hadi chatne. Nikalifunga gazeti huku machozi yananitoka. Mama Nasra akadhani namlilia marehemu, akanipigapiga mgongoni.

Jioni nilimuuliza wifi kwa upole. Hata hakubabaika. "Kwani wifi, karai la nani? La kaka yangu. Na kaka yangu hayupo." Nikamgeukia mama mkwe. Yeye ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo rojo alikufundisha nani?" Ni kweli alinifundisha yeye, nilipoletwa hapa bibi harusi nisiyejua hata kuchemsha chai. Chatne ndiyo yangu mwenyewe, lakini nani wa kunisikiliza habari za chatne?

Nilimpigia ustadhi mmoja, akasema mjane mwenye shida ya riziki anaweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nilipomweleza mama mkwe hilo, akashika kichwa. "Kaburi la mwanangu hata udongo haujakauka, wewe unataka ukawachekee wanaume Kariakoo?" Akalia, na hakuwa anaigiza. Ni mama aliyezika mtoto. Na nikitoka kwa ubishi, chumba hiki ni chake, watoto wangu nitawalaza wapi? Nikisubiri eda iishe, mzee wa duka na wateja wote watakuwa wameshamzoea wifi, na nitafika pale kama mgeni. Kila ninapogeuka nagonga ukuta.

Jana wifi kaja anacheka. Eti wameshauriana na mama, wamenipatia kazi ya kufanya bila kuvunja eda. Leo asubuhi wameniletea gunia la viazi uani, na kisu. Nimenye, nichemshe, yeye atapita kuvichukua. "Usikae bure ukawaza, wifi," aliniambia, na nadhani anaamini kabisa kwamba kanisaidia.

Ndugu zangu, nishaurini. Nitoke mchana kweupe nikasimame kwenye karai langu, waseme nimemvunjia marehemu heshima? Au nivumilie kwa ajili ya watoto mpaka eda iishe, hata kama nitakuta hakuna kilichobaki? Msinitukane tafadhali, na msiniambie nirudi kwetu, kwetu hakuna mtu. Niliapa leo sigusi kiazi hata kimoja mpaka nisome majibu yenu. Ila wifi alisema anapita saa tano, na ujumbe huu nimeuandika vipande vipande, na mpaka nafika hapa nimeshamenya nusu gunia.