Mwimbaji Aliyeachwa na Bendi Yake

Juzi niliona kwa rafiki yangu kasha la CD niliyoisikia utotoni: mwanamume, gitaa lake na ukuta mtupu. Papo hapo nikasikia harufu ya gari la baba, viti vilivyochomwa na jua na pilau ya mama kwenye hotpoti.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya ibada kwetu kule Doha, tumetoka kanisani mtaa wa Mesaimeer, tunamngoja mama aage watu. Baba aliwasha eisi kupoza gari, akaweka CD ile. Mwimbaji yule nilimjua kwa roki yenye makelele, na bendi nzima nyuma yake. Siku hiyo aliimba polepole, peke yake, hadi ukasikia vidole vikikwaruza nyuzi.

"Baba, wenzake wamemaliza kontrakti?"

Katika Doha niliyoijua, hivyo ndivyo watu walivyoachana: mkataba wa kazi ukiisha, mtu anarudi kwao. Kwaya ya baba yenyewe ilikuwa imeisha hivyo: mpiga kinanda alirudi Kampala, halafu rafiki mkubwa wa baba akarudi Kisumu.

Baba alinitazama kwenye kioo. Hakucheka.

"Eeh. Wamerudi nyumbani."

"Sasa nani atamsaidia kuimba?"

"Si sisi tuko?"

Akaingia kwa sauti ya besi. Mimi nikapandisha sauti juu, maneno nikiyabuni, mpaka mama akagonga dirisha.

Sasa najua yule bwana aliiacha bendi kwa hiari yake, na watu wanaipenda albamu ile kwa sababu ya upweke wake. Jana niliisikiliza yote. Ni nzuri kweli, ila kila wimbo una pengo, pale alipokuwa akiingia baba.