Gari la Kwenda Nalo Nyumbani Krismasi

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo imenirudia tangu jana uliponitumia kwenye simu zile picha za gari unalotaka kununua. Sikukujibu, kwa sababu jambo la namna hii halijibiwi kwa vidole. Kaa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa sijaolewa, nina duka dogo la vitenge Ngarenaro, hapa Arusha. Mjomba wako Aminieli alikuwa mhasibu, anakaa Kwa Mrombo, na mwaka huo alikuwa amepandishwa cheo. Asubuhi hiyo alisimamisha mbele ya duka langu gari ambalo mfano wake nilizoea kuuona ukinipita tu: jeusi, refu, la dizeli, viti vya ngozi. Lilikuwa limetumika Ulaya kwanza, kisha likatumika hapa kwa mfanyabiashara mmoja wa Njiro, ambaye sasa alikuwa analiuza. Alimwambia Aminieli, "Kaa nalo mpaka kesho jioni, mzoeane."

"Funga duka," kaka akaniambia. "Twende shangazi akalione."

Nikafunga. Kabla hatujaiacha Ngarenaro nilishajiona nakaa kwenye kiti kile kila Jumapili. Ukipenda, chongo huita kengeza, na mimi nililipenda kwa kulikalia tu.

Shangazi Aikande alikuwa dada wa baba yetu, mkunga mstaafu aliyeolewa Olmotonyi. Ndiye aliyetulea tulipokuwa tunasoma huku Arusha, baba na mama wakiwa Kilimanjaro. Tulipofika alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akalizunguka gari polepole, maana mguu mmoja ulikuwa unamsumbua, kisha akataka kuingia. Mlango ulikuwa juu mno kwake. Ilibidi tumwinue, huyu huku na huyu kule. Akakaa, akapapasa ngozi ya kiti.

"Zuri," akasema. Kisha akaongeza, "Nishusheni, uji utaungua."

Aminieli aliumia, nilimwona. Alikuwa ametegemea vigelegele.

Tulilala huko. Wewe unajua baridi ya mwezi wa saba inayoshuka kutoka Meru, ya kumfanya mtu aoge kwa maneno. Asubuhi nilipotoka kwenda kunawa nililikuta gari limelala upande wa kulia, tumbo karibu na ardhi, kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Nikamwita kaka. Shangazi naye akatoka, akasimama nyuma yetu.

"Limekuwaje?"

"Si kitu, shangazi," Aminieli akasema. "Haya hayabebwi na springi kama ya kawaida, yanabebwa na mipira ya hewa. Ni baridi tu."

"Baridi hiyo iliwakuta na ng'ombe wangu," shangazi akasema. "Nao wamesimama."

Kaka akaingia, akawasha. Likakohoa, likazima. Akajaribu tena na tena, mpaka majirani waliokuwa wanapeleka maziwa wakasimama pale kwenye ua. Walitoa shikamoo zao kwa shangazi, wakatazama kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwishowe likawaka na moshi mweusi uliofunika mboga zote za bustanini, na taratibu lile gari likajiinua, likasimama sawasawa kama vile hakuna lililotokea.

"Mnaona?" Aminieli akasema. "Nitampa fundi, ataliweka sawa."

Shangazi hakubishana naye pale nje. Alitupa chai kwanza. Alikuwa na desturi hiyo, mwanangu: hamsemi mtu mbele za watu, wala hamsemi akiwa na njaa. Tulipokwisha kula ndipo akamuuliza, "Kila siku unakwenda wapi, baba?"

"Kazini."

"Kutoka Kwa Mrombo mpaka mjini. Na Jumapili?"

"Kanisani."

"Hapo hapo karibu. Sasa lidude lote hilo utakuwa unalipeleka wapi?"

Aminieli akazungusha kikombe mezani. Nilidhani atataja barabara mbovu za mvua, maana ndizo alizokuwa ananitajia mimi. Lakini mbele ya aliyekulea uongo hautoki vizuri.

"Nyumbani. Krismasi," akasema. "Mwaka jana mtoto wa jirani alikuja na kama hili. Baba alitoka mpaka barabarani kulitazama. Alimsifu pale mbele yangu, shangazi, na mimi nimesimama na begi langu nimetoka kwenye basi."

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimeshaisahau. Sikujua kwamba kaka alikuwa anatembea nayo miezi yote hiyo.

Shangazi akamjazia kikombe. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia chumvi.

"Baba yako alisifu gari, Aminieli. Hakusema anataka mtoto mwingine."

Kaka aliinuka akatoka nje, nikamsikia anafuta vumbi kwenye vioo vya lile gari, kimoja baada ya kingine, ingawa halikuwa lake.

Mchana tulilirudisha Njiro. Aminieli akamwambia mwenye nalo kuhusu kulala upande na kukataa kuwaka. Yule bwana hakuona haya. "Mpira wa kulia unavuja, ndiyo," akasema. "Na kwenye baridi huwa linasumbua. Ndiyo maana nikakuachia ulale nalo. Ningekwambia kwa mdomo ungesema naficha makubwa zaidi." Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, lakini huyu aliivuta kwa adabu. Mjomba wako akamkabidhi ufunguo, akamshukuru. Tuliondoka kwa miguu mpaka stendi.

Gari lile lilinunuliwa na mnunuzi wa mahindi aliyekuwa akienda Babati na Dodoma kila wiki. Aling'oa ile mipira ya hewa, akafunga springi za chuma, na lilimtumikia miaka mingi. Halikuwa gari baya. Nakwambia hili kwa sababu watu hupenda hadithi ambayo kitu kinakuwa kibovu mpaka mwisho ili aliyekikataa aonekane ana akili. Lilikuwa gari la mtu mwingine, basi.

Desemba ilipofika tulipanda basi, mimi na Aminieli. Tuliposhuka njia panda, baba alikuwa amesimama na mabuti yake ya shambani, kanyeshewa. Alikuwa amekuja kutusubiri bila kuambiwa saa. Akachukua begi la Aminieli akalitia begani mwake. Kaka akataka kumpokonya, baba akakataa. "Niache nimbebee mwanangu," akasema. Walipanda kilima hivyo, wanavutana mkanda wa begi, na mimi nyuma yao na mwavuli.

Sasa, mwanangu, sikukatazi. Umri wako ni wa kuamua. Ila ukienda kuliona, nenda alfajiri kabla mwenyewe hajaliwasha. Shika boneti, ukiikuta ina joto ujue limeshawashwa kabla hujafika. Omba lilale kwako, ulione linavyoamka. Mpeleke fundi wako, si wake, na umuulize vipuri vyake vinapatikana hapa Arusha au vinasubiriwa kutoka nje. Haya ya siku hizi, nasikia, yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na ukiyaendesha safari fupifupi za mjini huziba. Dizeli inataka barabara ndefu. Kama kazi yako ni ya barabara ndefu, nunua kwa moyo mweupe, nami nitapanda nishangilie. Kama si hivyo, jiulize ni nani unayetaka akutazame ukishuka. Ukishamjua, mwendee huyo kwanza, hata kwa miguu, ukae naye. Huenda ukakuta hakuwa akikudai chochote.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho chako na moyo wa kupita penye cha mwenzio bila kuumia. Akulinde barabarani, kwa chochote utakachopanda, na kila mlango utakaobisha hodi ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona. Amina.