Koti la Mwanamke wa Kwenye Karatasi

Shule niliacha darasa la nne, na sioni nilichokosa. Nimeshona Uvira, nimeshona kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, na leo hapa Buffalo, Grant Street, maharusi wananiletea picha kwenye simu. Natazama mara moja, nakata. Tepi ya kupimia ni ya wanaojifunza.

Lakini mke wangu alikuwa bado anavaa koti la kiume. Alipewa na watu wa kanisa kule Louisville, baridi yetu ya kwanza, nikamwambia, "Vumilia mwezi mmoja, nitakushonea lako." Louisville sikutulia. Tukahamia Columbus, nako miguu ikaanza kuniwasha, tukaja hapa. Koti lile likahama nasi kila mara.

Columbus nilikuwa nikirekebisha nguo kwenye duka la dobi, la bibi mmoja mzee. Siku aliyofunga duka alinipa mchoro wa penseli: mwanamke amevaa koti, kazi ya mbunifu Mfaransa wa miaka ya hamsini, kola pana, kiuno chembamba, chini linafunguka kama kengele. Akasema mimi tu ndiye nitakayeliweza. Bon, alijua watu.

Vuli hii mke wangu alinikuta natazama nyumba za mji mwingine kwenye simu.

"Baba watoto, mimi na koti hili hatuhami tena. Nishonee langu, au nenda peke yako."

Hakucheka. Kesho yake nikanunua sufu nyeusi, nzito, nikautoa mchoro. Mabega yake nayajua kwa macho, donc basi nikaukuza mchoro mpaka mabega yalingane na yake, vingine vyote nikafuata karatasi. Siku nne cherehani haikupoa.

Akavaa. Koti likaburuta sakafuni. Vidole vyake vilipotelea ndani ya mikono ya koti, kiuno kikaangukia mapajani.

"Huyu mama wa kwenye karatasi ni mtu au twiga?" Alicheka mpaka akakaa. Kumbe Wafaransa wanachora miguu ya kutamani, si ya kutembelea. Nani angeniambia?

Kisha akachukua tepi kwenye droo, akanishikisha.

"Nipime."

"Nakujua, mama."

"Miaka yote hii hujanipima hata siku moja. Nipime."

Nikampima. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, vidole viwili vizima. Nikarudia, nikidhani tepi imeteleza.

"Tangu lini?"

"Tangu Columbus. Wazee ninaowahudumia kazini, unafikiri wanajiinua wenyewe kitandani?"

Nikafumua koti lote, nikalikata upya kwa vipimo vyake. Bega la kushoto nikalijaza pamba ili mabega yalingane, akaligusa, akasema, "Toa. Lifuate bega langu." Nikatoa. Na niseme ukweli, hakuna fundi Buffalo nzima angeweza kulikalisha bega vile.

Jumapili alilivaa, akasimama mlangoni, akafunga kifungo cha mwisho.

"Haya, baba watoto. Mji gani sasa?"

Simu ilikuwa mfukoni, nyumba zile bado zimo. Miguu iliniwasha. Nikainama nikanyoosha pindo ambalo halikuwa na kasoro, nikamwambia tutachelewa ibada.