Maraika wa Majimbo

Nilikuwa kwenye foleni ya agroveti, duka la vyakula na dawa za mifugo, mjini Embu, mama mmoja kutoka mtaa wa Majimbo akaweka kuku aliyekufa kwenye kaunta, akafungua gazeti alilomfungia.

"Chakula chenu kimenimalizia kuku wote."

Karani hakumtazama kuku, alitazama kompyuta. "Lakini mama, tuliwatumia wateja wote email. Tulisema ule mzigo wa chakula uko na ukungu, msiwape."

"Mimi sikupata."

Akamgeuzia kompyuta. Anwani ya email ya mama huanza na neno malaika. Karani alikuwa ameiandika tunavyotamka huku kwetu: maraika.

"Hiyo r ni ya nani?"

Karani akasugua kioo kwa kidole, utadhani ile herufi ni uchafu. "Ndiyo maana ilirudi."

"Ilirudi kwa nani?"

"Kwetu."

"Basi mlijua sijapata."

"Zenye zinarudi tunafutanga, mama. Zinajaza system."

Mama akamfunga tena kuku wake, polepole. Namba yake ya simu ilikuwa papo hapo, chini ya ile anwani. Ndiyo waliyopiga siku walipompelekea yale magunia mpaka mlangoni, na siku hiyo hawakukosea hata tarakimu moja.