Beseni Lisilo na Kutu

Miaka ile wanajeshi walipotawala Uganda, kuwa na kitu kipya lilikuwa kosa. Ukivuka Busia kurudi Tororo na beseni jipya la enameli, askari wa kizuizi cha barabarani walikuita mtu wa magendo, wakalichukua, na pengine wakakuchukua na wewe. Kwa hiyo wanawake wa kwetu walilizeesha kwanza. Mama mkwe alinifundisha: gonga ukingo mpaka ile ngozi nyeupe, ngumu, ibanduke, paka maji ya chumvi, kisha kaa kwa shangazi upande wa Kenya siku mbili mpaka chuma kishike kutu.

Siku mbili! Nilikuwa nimemwacha mwanangu wa miezi saba, bado ananyonya, na beseni lenyewe lilikuwa la kumwogeshea. Mimi subira sikuzaliwa nayo. Niligonga kwa jiwe, nikapaka masizi, nikavuka asubuhi ileile.

Askari aliyafuta masizi kwa kidole gumba. Pale palipobanduka, chuma kiling'aa.

"Mama, hii umevunja leo. Kutu iko wapi?"

"Afande, nalisugua kila siku."

Alicheka, akanionyesha gogo kando ya barabara. "Kaa pale. Kutu ikikuja, unaenda. Ikikataa, nakupeleka kambini."

Kambini watu walikuwa wakiingia wasitoke. Nilikaa. Jua likapanda, maziwa yakanichuruzika mpaka gauni likalowa. Nilimchukia yule mtu, nikajichukia mwenyewe zaidi. Kwenye pindo la kanga nilikuwa nimefunga chumvi, nayo ilikuwa magendo vilevile. Nikaliinamia beseni kama ninayelia, nikafungua fundo kwa meno, nikapaka punje chache pale penye chuma. Mate yalikuwa yamenikauka, nikalowesha kwa maziwa yangu. Kila mara nachungulia, hakuna kitu. Adhuhuri ilipita ndipo nikaona wekundu hafifu.

"Afande, njoo uone."

Aliwaita wenzake wacheke naye, kisha akanirushia beseni. "Haya, nenda."

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto begani, mtoto mwenyewe sauti imemkauka kwa kulia. Beseni hakuliulizia. Nilimpa mwanangu ziwa kabla sijavua viatu. Akaliuma kwa meno yake mawili, kwa hasira, nami nikamwacha aume.